Mlima, Mfupa na Mrija

Ukisimama ukingoni mwa ziwa Momela Kubwa asubuhi, kabla upepo haujaamka, heroe wako mbele yako na Mlima Meru uko magharibi. Watu wa mjini Arusha wanaujua mlima huu kama pia: umechongoka, umekamilika. Huku Momela hali ni nyingine, maana ubavu wa mashariki haupo. Kutoka karibu na kilele chenye mita 4,566, ukuta wa mwamba unateremka wima kiasi cha mita 1,500 hadi kwenye kreta iliyo wazi, kama mtungi uliomeguka upande mmoja. Ndani yake kimeota kilima cha majivu, mtoto wa milipuko iliyofuata, ambayo ya mwisho ilitokea mwaka 1910.

Inama, chovya vidole ziwani. Maji yanateleza kama ya kufulia. Ni magadi hayo, na ndani ya magadi hayo kuna kitu kisicho na rangi, harufu wala ladha, ambacho kimeandika historia yake kwenye meno, magoti na migongo ya watu wa Meru. Historia hiyo inaanzia kwenye ule ubavu uliopotea.

Wanajiolojia wanakadiria kwamba miaka 8,000 au 9,000 iliyopita, Meru ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Kisha upande wa mashariki ukaachia. Mawe, majivu na tope vilibingirika hadi mbali kwenye tambarare, vikaacha nyuma vilima na mabonde yasiyo na mpangilio. Mabonde hayo yakashika maji. Ndiyo maziwa ya Momela: Momela Kubwa, Momela Ndogo, El Kekhotoito, Kusare, Rishateni, Lekandiro na Tulusia, kila moja na rangi yake.

Mlima mzima wa mawe unaangukaje? Mlima wa volkano wa aina ya Meru hujengwa kwa tabaka: lava iliyoganda na kuwa ngumu, juu yake majivu, juu yake tena lava. Lava peke yake ni ngumu ajabu. Lakini lava ngumu iliyokaa juu ya majivu ni sawa na sahani zilizopangwa juu ya unga. Mvuke na maji ya moto kutoka chini hupita katikati na kulainisha mwamba mwaka hadi mwaka, na mteremko unazidi kuwa mkali kila mlipuko unapoongeza mzigo. Siku ya kuanguka, jiwe halishindwi na uzito wake. Kinachoshindwa ni maungio, pale jiwe na jiwe vilipokutana.

Neno hilo, maungio, lishike. Tutalikuta tena kwenye mfupa, na kwenye moja ya nyuzi nyembamba kabisa ambazo binadamu amewahi kuzivuta hadi zikakatika.

Mwamba wa Meru una sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Maji ya mvua yakipenya ndani yake huchota floridi njiani. Katika nchi yenye kalsiamu tele, floridi hukamatana na kalsiamu ikatuama chini kama jiwe, na maji yakaendelea na safari yakiwa salama. Hapa hakuna wa kuikamata. Inasafiri na maji mpaka chemchemini, mtoni, ziwani, na ziwani jua linanyonya maji na kuiacha yenyewe nyuma. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilionyesha mito ya miteremko ya kaskazini mashariki ikiwa na miligramu 12 hadi 26 za floridi kwa kila lita, chemchemi 15 hadi 63, na madimbwi na maziwa ya magadi 60 hadi 690. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5.

Wakazi wa zamani hawakuwa na maabara, lakini waliyapa maji majina. Engare Nanyuki ni Kimaasai, maana yake maji mekundu. Kusini, kando ya barabara ya Moshi, kuna Maji ya Chai, na jina halihitaji mkalimani. Rangi waliiona. Floridi haikuwa na rangi ya kuonwa, kwa hiyo haikupata jina.

Ardhi hii iliwahi kuitikisa dunia kwa sababu nyingine. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Kesi ya Ardhi ya Wameru ikawa moja ya cheche za siasa za uhuru wa Tanganyika. Wakati watu wanaililia ardhi hiyo, maji yake yalikuwa yakifanya kazi kimyakimya kwenye vinywa vya watoto wao.

Kazi hiyo huanzia kwenye jino. Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi mtoto angali mdogo, na floridi ikizidi katika miaka hiyo, gamba la jino huota na madoa meupe kama chokaa, kisha ya kahawia, na penye floridi nyingi sana hubanduka vipande. Jino likishaota limeota, halirudi nyuma. Ndiyo maana mtu akicheka kwenye daladala Dar es Salaam, jirani yake anaweza kumuuliza kama ametoka Arusha. Na mgeni akimuuliza bibi wa Engare Nanyuki sababu ya madoa hayo, jibu huwa fupi: "Ni maji, mwanangu."

Si maji peke yake. Magadi yanayookotwa kandokando ya maziwa na mabwawa huingia jikoni kulainisha maharage na makande, na watafiti wa meno waliofanya kazi Tanzania katika miaka ya 1990 waliyahusisha na madoa hayo hata kwa watoto ambao maji yao hayana floridi nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha floridi ni mfupa.

Mwaka 1964 madaktari wawili, P. Grech na Michael Latham, walichapisha London taarifa juu ya ugonjwa wa floridi katika eneo la kaskazini mwa Tanganyika. Latham alizaliwa Kilosa, na baadaye akawa profesa wa lishe katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Habari ya meno ilikuwa inafahamika. Uzito wa taarifa yao ulikuwa kwenye mifupa: ugonjwa haukuishia kinywani. Kwenye picha ya eksirei mfupa uliojaa floridi huonekana mweupe na mzito kupita kawaida. Kano zinazouvaa huota madini. Uti wa mgongo hukakamaa, na viungo hukataa kukunjwa. Watoto wengine hupata matege. Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi juu ya watoto wenye ulemavu wa namna hiyo kusini magharibi mwa Wilaya ya Hai, ng'ambo ya tambarare ileile, na chanzo kilikuwa kilekile.

Hapa pana fumbo. Ikiwa floridi inaongeza madini kwenye mfupa, na madini ndiyo ugumu wa mfupa, si ingepasa mfupa wa mtu wa Momela uwe imara kuliko wa mtu wa Tanga?

Wapo madaktari waliolichukua swali hilo kwa uzito. Katika Kliniki ya Mayo, Marekani, B. L. Riggs na wenzake waliwafuatilia wanawake 202 waliokwisha koma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imechakaa. Nusu walipewa miligramu 75 za sodiamu floridi kila siku kwa miaka minne, nusu kidonge kitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Uzito wa mfupa wa kiuno wa waliomeza floridi ulipanda kwa asilimia 35. Kwa macho ya mashine, ulikuwa ushindi. Lakini kuvunjika kwa pingili za mgongo hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na mivunjiko ya mifupa mingine ilifika 72 kwa waliomeza floridi, dhidi ya 24 kwa wasiomeza. Mfupa ulikuwa umeongezeka ugumu na kupungua uimara.

Jaribio la jikoni linaeleza kwa nini. Chukua mfupa wa paja la kuku, uloweke kwenye siki kwa siku kadhaa. Siki inayeyusha madini, na unachobaki nacho ni ufito unaokunjika kama mpira. Chukua mfupa wa pili, uuchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe. Sasa kilichoungua ni utomvu wake, ile protini iitwayo kolajeni, na kilichobaki kinapukutika ukikibana kwa vidole. Mfupa hai si wa kwanza wala wa pili. Ni visahani vya madini ya kalsiamu vilivyolala ndani ya nyuzi za kolajeni. Kisahani kimoja kina unene wa nanomita chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita; unywele wa kichwa chako una unene wa nanomita makumi elfu. Mtu anaporuka mtaro, visahani vinabeba mzigo, nyuzi zinanyooka kidogo na kurudi. Samaki mkunje angali mbichi, na mfupa unakaa mbichi kwa sababu ya hizo nyuzi.

Floridi huingia ndani ya madini na kukaa kwenye kiti cha mwingine, kiti cha chembe ya oksijeni na haidrojeni ambayo ukubwa wake haupishani sana na wake. Fuwele zinakuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, na mshiko kati ya fuwele na kolajeni unalegea. Madini yameongezeka, maungio yamedhoofika. Ni lava juu ya majivu, safari hii ndani ya goti la mtu.

Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alikuwa ameshalikaribia jambo hili mwaka 1921 bila kugusa mfupa. Alivuta nyuzi za kioo, nene na nyembamba, akaona kwamba kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyostahimili mvuto mkubwa zaidi kwa unene wake. Maelezo yake yalikuwa mepesi na bado yanasimama: kitu hakivunjiki kwa nguvu ya wastani inayokipita, huvunjika pale penye ufa mdogo ambapo nguvu hukusanyika. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba ufa mkubwa.

Ukilifuata wazo la Griffith mpaka mwisho wake unafika kwenye mrija. Mwaka 1991 Sumio Iijima, akifanya kazi katika kampuni ya NEC huko Tsukuba, Japani, aliieleza dunia juu ya mirija ya kaboni aliyoiona kwa hadubini ya elektroni. Warusi Radushkevich na Lukyanovich walikuwa wamechapisha picha za mirija kama hiyo mwaka 1952, lakini wengi hawakuzisoma. Mrija huo ni karatasi ya kaboni iliyokunjwa kama mkeka. Kila chembe imeshikana na jirani zake watatu, na vyumba vyake vina pembe sita kama sega la nyuki. Kipenyo cha mrija wenye ukuta mmoja ni kama nanomita moja. Mahesabu yalisema kwamba hakuna uzi utakaoushinda kwa nguvu.

Mahesabu si mvuto. Mwaka 2000 Min-Feng Yu, Rodney Ruoff na wenzao waliubana mrija mmojammoja kati ya ncha mbili ndani ya hadubini ya elektroni, wakauvuta hadi ukakatika. Walifanya hivyo kwa mirija 19, yote yenye kuta nyingi zilizovaana. Nguvu ya ukuta wa nje ilitofautiana sana, kuanzia gigapaskali 11 hadi 63. Chuma cha pua cha nguvu ya juu hufika kama 2. Ila jinsi mirija ilivyokatika ndiyo iliyofundisha zaidi. Ukuta wa nje ulipasuka kwanza, peke yake. Kuta za ndani hazikukatika. Zilichomoka zikiwa nzima, kama sime ya Mmaasai inavyochomolewa kwenye ala. Kila ukuta ulikuwa na nguvu ya kutisha, lakini kuta zilikuwa hazijashikana, kwa hiyo za ndani hazikuusaidia wa nje.

Na kwa nini mrija mmoja ubebe 11 na mwingine 63? Griffith angejibu haraka: kasoro. Chembe moja ikikosekana kwenye sega, au vyumba vichache vikiota na pembe tano na saba badala ya sita, mzigo unakimbilia hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipima mirija iliyotengenezwa kwa uangalifu na yenye kasoro chache, wakakaribia gigapaskali 100. Maabara haikubadilisha kaboni. Ilipunguza nyufa.

Mfupa nao ulikuwa umeijua siri hiyo siku zote. Mwaka 2003 Huajian Gao na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba madini yakiwa membamba chini ya takriban nanomita 30 huacha kuusikia ufa: kisahani kinakaribia nguvu ya mwisho ya madini yenyewe hata kama kina kasoro. Mwili wa mtoto wa Engare Nanyuki hujenga visahani vyembamba kuliko hapo bila kufundishwa na mtu. Kikombe cha maji, kikirudiwa kila siku kwa miaka, ndicho kinachouvuruga ujenzi huo.

Wananchi wangefanya nini? Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha maji ya vijijini: miligramu 8 za floridi kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kingefunga visima vingi mno, na mtu mwenye kiu hawezi kusubiri. Baadaye kikashushwa hadi 4, na kisha 1.5. Namba ilishuka kwenye karatasi. Chemchemi zilibaki zilivyokuwa.

Kazi ya mikono ilifanyika Ngurdoto, hatua chache kutoka kwenye hifadhi ya taifa yenye maziwa ya Momela, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji. Oktoba 1995 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana hapo kwa siku nne katika warsha ya kwanza ya kimataifa juu ya kuzuia ugonjwa wa floridi. Njia ya Nalgonda, iliyopewa jina la mji wa India, inatumia shabu na chokaa: unakoroga, unaacha ituame, unachota ya juu. Njia ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi kwa kuisikia. Ilitumia mifupa.

Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchemshwa na kukaushwa, kisha hupangwa kwenye tanuri na kuchomwa katika joto la kama nyuzi 400 hadi 500 bila kuachiwa hewa nyingi. Mchomaji lazima awe na jicho. Ukiuchoma kidogo, mfupa unabaki na mafuta, na maji yatanuka. Ukiuchoma kupita kiasi kwenye hewa ya wazi, unakuwa mweupe, na uwezo wake wa kunasa floridi unakufa. Anayeujua moto wake hutoa mfupa mweusi unaoelekea kijivu. Weusi huo ni kaboni, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kilichobaki kwa sehemu kubwa ni madini yaleyale ya mfupa. Unapondwa, unachekechwa, unaoshwa mpaka maji yatoke safi, kisha unajazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Nakuru, Kenya, Jimbo Katoliki lilijenga kazi nzima juu ya njia hii.

Maabara za mbali nazo ziliingia. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, walieleza jinsi ya kunasa floridi kwa alumina iliyotandazwa juu ya mirija ileile ya Iijima. Kwa hiyo mrija uliotafutwa kwa nguvu zake ulipata kazi ya kichujio. Karibu na Momela, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilizinduliwa Tengeru mwaka 2012. Mhadhiri wake Askwar Hilonga, mzaliwa wa Gongali, Karatu, aliyesomea shahada ya uzamivu Korea Kusini, alitengeneza kichujio kinachounganisha mchanga na vitu vya nano vinavyochaguliwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Juni 2015 kilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Mjini Arusha, mradi wa shilingi bilioni 520 ulianza kuleta maji ya visima vipya kwa mabomba.

Vifaa hivi vyote vina maungio yao pia. Mfupa uliochomwa ukishajaa floridi hauendelei kunasa. Lakini maji hayabadiliki rangi. Hayabadiliki ladha. Mama anayefungua bomba la ndoo leo hawezi kujua kama jana ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kichujio chake, ila mtu aje na kipimo. Penye mtu wa kuja, na duka la kuuza mfupa mwingine, ndoo hufanya kazi miaka. Pasipo na mtu, ndoo inabaki pale pembeni ya jiko, safi, nzima, ikipitisha kila kitu.

Anayeijua kazi hii huitazama ndoo ile kwa namna ya peke yake. Ndani yake mna madini ya mfupa, yaleyale yaliyomo kwenye goti la mtoto anayekinga kikombe. Floridi haichagui mfupa. Hukaa kwenye kiti cha kwanza itakachokikuta. Kazi yote ya Ngurdoto ilikuwa kuhakikisha kwamba inakikuta kwanza kiti cha ng'ombe.